Mauaji Tunayoyabebesha Gemu

Dau lilikuwa dola moja na senti hamsini. Kwa bei ya dola ya Desemba 2017, hizo ni kama shilingi 3,400 za Tanzania, au 155 za Kenya. Vijana wawili wa Kimarekani, mmoja wa jimbo la Ohio na mwingine wa mji wa Wichita, Kansas, walikuwa timu moja katika mechi ya Call of Duty: WWII, gemu ya vita ya kupigana risasi, iliyochezwa mtandaoni kwa kuwekeana pesa. Walishindwa. Wakaanza kulaumiana, lawama zikazaa matusi, matusi yakazaa vitisho. Yule wa Ohio akamtafuta mtu wa Los Angeles aitwaye Tyler Barriss, aliyejulikana mitandaoni kwa jambo moja: kuwapigia polisi simu za uongo ili askari wenye silaha waivamie nyumba ya mtu. Yule wa Wichita alipotishiwa hakurudi nyuma. Alitoa anwani na kuwaambia wajaribu waone. Anwani aliyoitoa ilikuwa ya nyumba ambayo familia yake ilishaihama.

Aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo jioni ya Desemba 28, 2017 ni Andrew Finch, mwanamume wa miaka 28, baba wa watoto wawili. Hakuwajua vijana hao na hakuhusika na mechi yao. Barriss alipiga simu kwenye ofisi za serikali ya mji wa Wichita akidai kwamba amempiga baba yake risasi, kwamba anawashikilia mateka mama yake na ndugu yake, na kwamba amemwaga petroli nyumbani. Polisi wakaizingira nyumba. Finch akafungua mlango kutazama kuna nini nje. Sekunde chache baadaye askari aliyesimama ng'ambo ya barabara alifyatua risasi moja, na Finch akafa. Hakuwa na silaha.

Habari hii ilizunguka dunia ikiwa na kichwa cha aina moja: gemu imeua. Nimeifuatilia tangu wakati huo, pamoja na nyingine za aina yake, na kila ninapoirudia naona kichwa hicho kinatupotosha. Hakisemi uongo mtupu, maana bila mechi ile pengine ugomvi usingekuwapo. Lakini kinatuonyesha mahali ugomvi ulipoanzia na kutuficha mahali ulipogeuka kuwa mauaji. Tukishalaumu gemu, watu wote walioshika sehemu ya kifo kile wanapata nafasi ya kuondoka kimyakimya.

Tuwataje. Barriss hakuwa mgeni kwa vyombo vya dola. Alishawahi kufungwa kwa kutoa vitisho vya uongo vya mabomu, akatoka, akarudi kwenye kazi ileile. Wiki chache kabla ya kifo cha Finch alikuwa akijitapa kwamba yeye ndiye aliyesababisha watu waondolewe ukumbini kwa hofu ya bomu katika mashindano ya Call of Duty mjini Dallas. Machi 2019 mahakama ya shirikisho ilimhukumu miaka 20 jela. Yule wa Ohio alipata miezi 15, na kwa miaka miwili baada ya kutoka alikatazwa kucheza gemu. Naielewa nia ya hakimu, lakini adhabu hiyo ya pili inanipa shida. Inamwambia kijana kwamba kosa lake lilikuwa kucheza, ilhali kosa lake lilikuwa kumtafutia mwenzake kifo kwa simu.

Halafu kuna polisi. Simu ile haikuingia kwa njia ya kawaida ya dharura. Ilipitia laini ya ofisi za mji, na huo peke yake ulikuwa mwanya wa kutia shaka. Mtu asiyejulikana, kutoka mahali pasipojulikana, alitoa hadithi, na hadithi hiyo ikatosha kumwelekezea bunduki raia anayefungua mlango wa nyumba yake. Aprili 2018 mwendesha mashtaka wa wilaya alitangaza kwamba askari hatashtakiwa. Mwaka 2023 mji wa Wichita ulikubali kuilipa familia dola milioni 5. Mimi nayasoma malipo hayo kama jibu la swali ambalo vichwa vya habari havikuliuliza: je, ni gemu iliyomfyatulia risasi Andrew Finch?

Jimbo la Kansas lilipitisha sheria yenye jina lake mwaka 2018, ikiongeza adhabu kwa wapigaji wa simu kama hizo. Ni jambo jema. Ila sheria hiyo inamtazama mpigaji tu. Aliyepokea simu na kuiamini hamo.

Wapo watakaosema namtetea mwekezaji wa gemu. Simtetei, nitamfikia. Kwanza niseme kuhusu swali lenyewe linaloulizwa kila mara, kwamba gemu za kupigana risasi zinawafanya vijana kuwa wauaji. Swali hili limechunguzwa kwa miongo kadhaa. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilifuta sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto gemu za ukatili, na moja ya sababu ni kwamba jimbo lilishindwa kuonyesha ushahidi wa madhara liliyoyadai. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kilirudia msimamo wake: upo uhusiano mdogo kati ya gemu hizo na tabia za ukorofi kama kufoka na kusukumana, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kuzihusisha na vitendo vya ukatili kama mauaji. Japani na Korea Kusini zina wachezaji kuliko unavyoweza kuwahesabu, na mauaji ya bunduki huko ni machache mno. Hata hivyo Agosti 2019, baada ya mauaji ya halaiki ya El Paso na Dayton, Rais Donald Trump alisimama mbele ya taifa akazitaja gemu miongoni mwa vya kulaumiwa. Ni rahisi kwa mwanasiasa kuigusa gemu. Gemu haina wapiga kura wenye hasira wala chama cha wamiliki wa bunduki.

Mpira wa miguu una msiba unaofanana na huu. Julai 1994 beki wa Kolombia Andrés Escobar alipigwa risasi mjini Medellín, siku chache baada ya kujifunga katika Kombe la Dunia. Hakuna aliyedai mpira wa miguu upigwe marufuku. Watu waliuliza kuhusu wauza dawa za kulevya, kamari, na mji uliojaa bunduki. Na Hillsborough je? Aprili 15, 1989 mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye vizimba vya uwanja huo mjini Sheffield, na idadi ya waliokufa kwa msiba huo leo inahesabiwa kuwa 97. Polisi waliwasingizia mashabiki kwamba ndio waliovunja lango, kumbe lango lilifunguliwa kwa amri ya polisi wenyewe. Familia zilipigana hadi mwaka 2016 ndipo baraza la mahakama likatamka kwamba marehemu waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na lawama. Lakini hata kabla ya haki hiyo kupatikana, ripoti ya Jaji Taylor ya mwaka 1990 ilikwishaanza kubadili viwanja vya Uingereza: uzio ukaondolewa, na viti vikawekwa mahali pa kusimama katika viwanja vya ligi za juu. Mpira ulijifunza kwa kutazama malango, vizimba na maamuzi ya wakubwa.

Mashindano ya gemu yalipata siku yake ya kujifunza Agosti 26, 2018, mjini Jacksonville, Florida. Ilikuwa Jumapili, mchujo wa Madden NFL 19, gemu ya mpira wa Kimarekani. Mchujo ulifanyika kwenye chumba cha gemu nyuma ya mgahawa wa piza, ndani ya jengo la maduka lililokuwa kando ya mto St. Johns, na mechi zilikuwa zikirushwa mubashara. Mchezaji mmoja mwenye miaka 24 kutoka Baltimore, aliyekuwa ameshatolewa, alirudi na bastola. Aliwaua Elijah Clayton, miaka 22, na Taylor Robertson, wote wawili majina yanayofahamika katika Madden. Robertson alikuwa bingwa. Watu 10 wengine walijeruhiwa kwa risasi. Kisha mshambuliaji akajiua. Sehemu ya tukio ilisikika kwenye matangazo yale, na kipande hicho kilisambazwa kwa saa nyingi kana kwamba ni burudani. Sitakieleza zaidi, wala jina la muuaji sina haja nalo.

Angalia sasa Madden ni gemu gani. Hakuna bunduki ndani yake. Unarusha mpira, unakimbia, unazuiwa. Mtu anayeamini kwamba gemu za risasi hufundisha risasi atatoka Jacksonville mikono mitupu. Nafikiri ndiyo maana mjadala wa tukio hilo ulipoa haraka kuliko mengine: haukuingia katika hadithi ambayo watu walikuwa tayari kuisimulia.

Yaliyokuwa hadharani ni mengine. Bastola mbili alizokuja nazo zilinunuliwa kihalali Maryland, ingawa nyaraka za kesi ya talaka ya wazazi wake zilionyesha kwamba alipokuwa kijana mdogo aliwahi kulazwa kwa matatizo ya akili. (Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu, na sitaki mstari huu usomwe vinginevyo. Ninachosema ni kuhusu duka la silaha.) Sheria ya Maryland inayowaruhusu jamaa na polisi kuomba mahakama imnyang'anye silaha kwa muda mtu anayetia hofu ilianza kutumika Oktoba 1, 2018, wiki tano baada ya mazishi kuanza kupangwa. Labda hakuna ambaye angeitumia. Lakini ilikuwa sheria inayozungumzia jambo lenyewe.

Na kuna mlango. Mashindano yenye chapa ya kampuni kubwa ya Electronic Arts yalifanyika kwenye chumba kidogo kilichosongamana, na majeruhi na familia waliokwenda mahakamani walilalamika hasa kuhusu ulinzi. Baada ya mauaji kampuni ilifuta michujo mitatu iliyobaki ili kupitia upya usalama wake, ikachangia dola milioni 1 kwa mfuko wa waathirika. Ni hatua za kiungwana. Bado nauliza kwa nini usalama ulihitaji kupitiwa upya Septemba badala ya kupangwa Julai. Mchezaji anayeingia kwenye mchujo kama huo amebeba ndoto ya kulipa kodi ya nyumba kwa kidole gumba. Ukitangaza zawadi, ukaweka kamera, ukaonyesha ulimwenguni sura ya mtu aliyeshindwa dakika ileile aliyoshindwa, umejenga uwanja. Na mwenye uwanja ana wajibu wa uwanja.

Hapa ndipo ninapotengana na watetezi wa gemu, wale wanaosema ni mchezo tu, acheni kukuza mambo. Kwa mchezaji, tena kijana, si mchezo tu. Kuna pesa, kuna jina, kuna aibu mbele ya watu. Kisa cha Shanghai cha mwaka 2005 kinafundisha hili kuliko tafiti nyingi. Mchezaji wa Legend of Mir 3 aitwaye Qiu Chengwei alimwazima mwenzake upanga wa ndani ya gemu, upanga adimu uliopatikana kwa saa nyingi za kucheza. Mwenzake akauuza kwa yuani 7,200. Qiu alikwenda polisi kuripoti wizi. Akaambiwa kitu hicho si mali inayolindwa na sheria. Alimfuata mwenzake nyumbani akamchoma kisu, akamuua, na mahakama ikampa adhabu ya kifo iliyoahirishwa utekelezaji.

Soma tena katikati ya kisa hicho. Mtu aliibiwa kitu ambacho sokoni kilikuwa na bei, akaenda kwa mamlaka kabla ya kushika kisu, na mamlaka ikamwambia hajaibiwa chochote. Hakuna kinachohalalisha alichofanya baadaye. Lakini China yenyewe iliona pengo: sheria ya jumla ya kiraia iliyoanza kutumika Oktoba 2017 ilitaja mali za mtandaoni kuwa kitu kinachostahili ulinzi. Miaka 12 ilipita katikati.

Kwetu Afrika Mashariki mashindano ya namna hii tunayajua kwa sura nyingine, ile ya kibanda cha PlayStation mtaani, runinga mbili tatu, benchi, na vijana wanaocheza mpira wa gemu kwa kuwekeana soda au mia tano tano. Ugomvi upo. Mtu anadai padi ilikuwa mbovu, mwingine anakataa kutoa pesa. Lakini mwenye kibanda yupo pale pale. Anawajua wote wawili, anajua mama zao, anazima runinga, anatoa hukumu, na asiyeikubali haingii kesho. Mitandao ya kuchezea gemu kwa pesa imechukua dau la kibanda na makelele ya kibanda, ikamwacha mwenye kibanda nje. Vijana wa Ohio na Wichita walikuwa mbali mno kupigana ngumi, na hapakuwa na mkubwa yeyote wa kuwaambia kaeni chini, dola moja na nusu hii hapa, nendeni nyumbani. Ukiuliza mashindano yanaongeza nini juu ya gemu yenyewe, mimi nitajibu hivyo: yanaongeza kinyongo, na wanaoyaandaa kwa faida hawajaajiri watu wa kutosha wa kukipoza.

Serikali nyingi zimechagua njia fupi. Iraq ilipiga marufuku PUBG na Fortnite, gemu za kupigana risasi mtandaoni, mwaka 2019. Nepal ilijaribu mwaka huohuo, Mahakama ya Juu ikasimamisha amri. Pakistan iliifunga PUBG Julai 2020 baada ya taarifa za vijana kujiua, ikaifungua kabla mwezi haujaisha. Korea Kusini iliwakataza walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia usiku wa manane hadi saa 12 asubuhi kwa miaka 10, kisha ikaifuta sheria hiyo. Wazazi waliokuwa na hofu nawaelewa kabisa. Mtoto aliyezama kwenye simu hadi alfajiri anahitaji msaada, na Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa. Lakini uraibu ni suala la usingizi, shule na afya ya mtoto. Kuuchanganya na mauaji ya Wichita kunaharibu mijadala yote miwili, na mtoto mwenye uraibu anaishia kutazamwa kama muuaji anayesubiri zamu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu silaha iliyomuua Finch haikubaki kwenye ulimwengu wa gemu. Wakati watu wakibishana kuhusu gemu, simu za uongo zilihamia kwingine. Mwaka 2024 kijana mmoja wa California alikiri kupiga zaidi ya simu 375 za aina hiyo kati ya Agosti 2022 na Januari 2024, nyingi akiwa bado mtoto kisheria. Alilenga shule, vyuo vya kihistoria vya watu Weusi, nyumba za ibada ukiwemo msikiti mmoja huko Florida, na maofisa wa serikali. Alitangaza huduma hiyo mtandaoni kwa malipo. Februari 2025 alihukumiwa miaka minne. Na FBI ilianzisha kanzidata ya kitaifa ya matukio haya mwaka 2023, zaidi ya miaka mitano baada ya Finch kufungua mlango. Hiyo ndiyo gharama ya kukosea swali.

Nina neno kwa wasomaji walioko Marekani na Kanada, ambao watoto wao kila jioni huvaa hedifoni na kucheza na watu wasiowajua. Finch alikuwa Mmarekani Mzungu, nyumbani kwake, na sekunde zilizompa nafasi ya kujieleza hazikutosha. Fikirieni mzee wetu aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi, asiyeelewa Kiingereza kinachopigiwa kelele kwenye kipaza sauti, akifungua mlango huohuo. Mtoto akigombana na mtu kwenye gemu na anwani ya nyumba ikatajwa, hata anwani ya zamani, aje awaambie usiku huohuo, na asiogope kwamba atanyang'anywa gemu kwa kusema. Polisi wa Seattle walianzisha mwaka 2018 utaratibu wa kumwezesha mtu anayehofia simu za namna hiyo kuandikisha anwani yake mapema, ili anayepokea simu ya dharura aone onyo kabla askari hawajatumwa. Waulizeni polisi wa mji wenu kama wanao utaratibu kama huo, na kama hawana, waulizeni ni lini.